Soko la viumbe wa kuchora: Ufundi ni wako, Pikachu si wako

Na Mwandishi Wetu, Zirai

KIJANA mwenye mkono mwepesi katika milima hii ya Usambara anaweza kukaa na penseli na daftari la shule, akamchora Pikachu, yule kiumbe wa manjano wa mchezo wa video kutoka Japani, na kabla ya jioni akapata mtoto wa kumnunulia. Soko lipo. Hata hivyo, mfanyabiashara anayetaka kuweka mtaji katika mchoro huo, awe mchapishaji wa fulana, muuza mabegi ya shule au mwenye chekechea anayetaka kupamba ukuta, hana budi kujiuliza kwanza swali moja: mali hii ni ya nani?

Swali hilo si la wanasheria peke yao. Ni swali la hesabu. Kuna tofauti kubwa kati ya kuuza ufundi wako na kuuza kiumbe cha mwenzako, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mtaji utarudi au utateketea.

Bidhaa ilikotoka

Pikachu aliingia sokoni tarehe 27 Februari 1996, siku kampuni ya Nintendo ilipoanza kuuza nchini Japani mchezo wa Pokémon kwa ajili ya Game Boy, mashine ndogo ya kuchezea inayoshikwa mkononi. Mchezo ulitengenezwa na kampuni ya Game Freak chini ya Satoshi Tajiri, ambaye utotoni alikuwa mkusanyaji wa wadudu. Mchezaji anazunguka porini akikamata viumbe, anawafunza, kisha anawapambanisha na wa wenzake. Viumbe hao walianza 151. Leo wamevuka 1,000.

Sura nyingi za mwanzo zilipita mikononi mwa mchoraji Ken Sugimori. Pikachu mwenyewe alibuniwa na Atsuko Nishida, ambaye amepata kueleza kwamba alikuwa akimfikiria kindi, wala si panya kama wengi wanavyodhani. Mashavu ambayo kindi angejaza chakula, yeye aliyajaza umeme.

Baada ya mchezo zikafuata kadi, katuni za televisheni mwaka 1997, filamu, na mwaka 2016 mchezo wa simu wa Pokémon GO. Wenye mali ni watatu: Nintendo, Game Freak na Creatures. Mwaka 1998 waliunda kampuni ya pamoja ya kusimamia biashara hiyo, ambayo baadaye ikaitwa The Pokémon Company. Mwekezaji azingatie hapo. Watu hawa hawakutegemea mchezo pekee. Waliona mapema kwamba sura ya kiumbe inaweza kuuzwa mara nyingi kuliko mchezo wenyewe: juu ya daftari, juu ya kikombe, juu ya soksi.

Huku kwetu sura hizo hufika kwa njia tatu: simu za mkononi, video za katuni, na marobota ya mitumba, ambamo fulana na begi la Pikachu huchanganyika na nguo nyingine. Muuza mitumba huyo hana neno. Fulana halisi ilikwisha kuuzwa na mwenye haki huko ilikotoka. Yeye anaiuza tena tu. Jambo hubadilika pale mtu anapochukua fulana tupu na kuichapa Pikachu mpya.

Mchoro unavyotengenezwa

Michoro ya mashabiki ni kazi halali ya mikono na haina budi kuheshimiwa. Shabiki ni mtu anayempenda kiumbe wa mchezo kiasi cha kumchora upya kwa namna yake. Kwa Pikachu, kazi huanza na maumbo mawili mepesi: duara pana la kichwa, na mwili wenye umbo la peasi. Kisha yanafuata masikio marefu yenye ncha nyeusi, macho mawili ya duara yenye nukta nyeupe, mashavu mekundu, mistari miwili ya kahawia mgongoni na mkia uliopinda kama radi. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kumaliza. Wepesi huo haukutokea kwa bahati. Mashine ya Game Boy ilikuwa na kioo kidogo kisicho na rangi, na kiumbe asiyetambulika kwa vitone vichache asingefaa.

Hapa ndipo mchoraji mzuri anapojitenga na mwigaji. Mwigaji hunakili. Mchoraji humvika Pikachu kanga, humpandisha bodaboda, au humtwisha tenga la plamu akimngoja mteja stendi ya Mombo. Mtazamaji anacheka kwa sababu anamjua kiumbe na anaijua stendi. Wazo hilo, mkao huo na kicheko hicho vimetoka kichwani mwa mchoraji wa Usambara.

Vifaa si ghali. Penseli, kifutio, karatasi na rangi za maji vinatosha kuanza. Mwenye simu ya kisasa anaweza kutumia programu ya bure kama ibisPaint, iliyotengenezwa pia Japani, na kazi yake ikafika Dar es Salaam au Nairobi bila kupanda basi. Gharama kubwa ni muda na mazoezi.

Kwa hiyo upande wa uzalishaji hauna tatizo. Tatizo liko upande wa hati.

Nani mwenye hati

Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Berne wa hakimiliki mwaka 1994. Japani ni mwanachama tangu 1899. Maana yake kwa lugha ya soko ni kwamba mchoro wa Mjapani unalindwa hapa kama wa Mtanzania, na wa Mtanzania unalindwa kule kama wa Mjapani. Mkataba unataka ulinzi huo udumu angalau uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Nyumbani, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kuamua nani anakili, nani anauza na nani anageuza kazi yake. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003.

Neno la kuangalia ni kugeuza. Pikachu mwenye tenga la plamu ni kazi iliyogeuzwa. Tenga ni lako, plamu ni zako, kicheko ni chako, lakini kiumbe aliyebeba bado ana mwenyewe. Ni kama mtu aliyejenga nyumba nzuri kwenye kiwanja cha jirani. Matofali ni yake, ila siku ya kuuza, mnunuzi ataomba hati ya kiwanja.

Kuna hati ya pili, ambayo ni alama ya biashara. Jina na sura vinaposajiliwa kama alama, mwenye alama anaweza kumzuia mwingine kuvitumia katika bidhaa za aina hiyo. Kwa Tanzania Bara kazi ya kusajili hufanywa na BRELA chini ya sheria ya mwaka 1986. Aidha, Tume ya Ushindani imekuwa ikikamata na kuteketeza bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963.

Mtu atasema: mbona wachoraji wa Tingatinga wanaigana kila siku na hakuna anayekamatwa? Jibu ni kwamba sheria hulinda kazi, hailindi mtindo. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora wanyama kwa rangi ya baiskeli juu ya mbao za dari jijini Dar es Salaam mwaka 1968. Aliuawa mwaka 1972, lakini mtindo uliendelea mikononi mwa ndugu na wanafunzi wake, ambao mwaka 1990 waliunda chama cha ushirika. Mtu yeyote anaweza kuchora chui kwa mtindo wa Tingatinga, kwa kuwa mtindo ni kama njia ya kijiji, kila mtu anapita. Pikachu si mtindo. Ni kiumbe mmoja mahsusi mwenye jina, sura na mwenyewe.

Hesabu ya mzigo mmoja

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara mdogo anayetaka kupeleka fulana za watoto sokoni Lushoto na Muheza. Bei hizi ni za mfano tu. Kila mmoja aweke zake.

Tuseme fulana tupu ni Sh 7,000 na kuchapa ni Sh 3,000. Gharama ni Sh 10,000 kwa fulana. Anauza Sh 15,000. Kwa fulana 50 ameweka mtaji wa Sh 500,000 na faida yake ni Sh 250,000. Kwa macho ya haraka, biashara ni nzuri.

Sasa weka hatari ndani ya hesabu. Mzigo mmoja ukikamatwa kabla ya kuuzwa, Sh 500,000 zimekwenda. Ili azirudishe atahitaji faida ya mizigo miwili kamili, yaani fulana 100, na hapo hajalipa faini wala nauli ya kufuatilia kesi. Hakuna bima inayolipa bidhaa bandia. Wala hawezi kupeleka biashara hiyo benki kuombea mkopo, maana afisa mikopo akiuliza kibali cha mwenye alama, mazungumzo yamekwisha.

Hatari ya tatu wengi hawaioni. Biashara hiyo haikui. Akiuza vizuri, jirani ataichapa Pikachu ile ile kesho yake kwa Sh 13,000, naye hawezi kumzuia kwa sababu hana haki ya kumshitaki. Kitu kisichokuwa chako huwezi kukilinda. Bei itashuka mpaka faida iishe.

Kibali halali kipo, kinaitwa leseni, na malipo yake kwa mwenye mali huitwa mrabaha. Lakini kampuni kubwa hutoa leseni kwa wenye viwanda na mitaji mikubwa, si kwa mwenye fulana 50.

Wenzetu walivyoonja

Yaliyotokea kwingine yanaonyesha kwamba wenye mali hawana kawaida moja. Mjini Tokyo, tangu Desemba 1975, kuna soko kubwa la vitabu vya mashabiki liitwalo Comic Market. Wachoraji huuza humo kazi zinazotumia viumbe wa wengine, na kampuni nyingi hufumba macho kwa sababu zinajua mashabiki hao ndio wateja wao. Pamoja na hayo, mwaka 1999 mwanamke mmoja mchoraji alikamatwa na polisi wa Japani kwa kuuza kitabu chenye michoro ya Pokémon isiyofaa kwa watoto. Aliyefumba macho jana anaweza kuyafumbua leo.

Mwaka 2015 jijini Seattle, Marekani, meneja wa mkahawa mmoja alitangaza sherehe ya mashabiki wa Pokémon kwa kiingilio cha dola 2, na katika tangazo akaweka picha ya Pikachu. Kampuni ilimshitaki, na sherehe ikafutwa. Ili kumaliza shauri ilidai dola 4,000, sawa na viingilio 2,000.

Masharti ya kampuni hiyo huko Marekani yanaruhusu michoro ya mashabiki kwa matumizi binafsi ya nyumbani, yasiyo ya biashara. Kwa hiyo kijana anayechora ukutani kwake, anayemchorea mdogo wake zawadi ya siku ya kuzaliwa, au anayejifunza, hana sababu ya kulala macho. Mpaka unavukwa pale pesa inapoingia.

Lakini michoro ya mashabiki imewahi kuwa ngazi pia. Mwaka 2019 filamu ya Sonic, yule kalunguyeye wa bluu wa kampuni ya Sega, ilipigiwa kelele na mashabiki kwa sura mbaya ya kiumbe wao. Watengenezaji wakamwita Tyson Hesse, aliyeanza kama mchoraji shabiki wa Sonic, aongoze kazi ya kumrekebisha. Filamu ikasogezwa hadi Februari 2020 na ikapokelewa vizuri. Kumchora kalunguyeye wa watu kulimpa Hesse ajira, kwa sababu waliomwajiri waliona mkono wake. Hiyo ndiyo thamani ya kweli ya mchoro wa shabiki: ni cheti cha ufundi, si bidhaa ya rafuni.

Mtaji ulioko mtini

Katika orodha ya viumbe wa Pokémon yupo mmoja anayeitwa Kecleon, aliyeingizwa mwaka 2002. Ni kinyonga wa kijani mwenye mstari mwekundu tumboni. Katika michezo ya Pokémon Mystery Dungeon, iliyoanza 2005, yeye ndiye mwenye duka. Mchezaji akitoka na bidhaa bila kulipa, kinyonga huyo humfukuza na kumpiga. Wajapani wamemfanya kinyonga kuwa mfanyabiashara mkali asiyeibiwa.

Sasa msomaji atazame vinyonga tulio nao. Mwaka 2006 wanasayansi walipounda jenasi mpya ya vinyonga wa Afrika waliipa jina Kinyongia, kutokana na neno letu wenyewe. Dume wa Kinyongia multituberculata wa Usambara Magharibi ana pembe mbili puani. Yupo pia wa pembe tatu, Trioceros deremensis, ambaye jina lake limetokana na Derema, Usambara Mashariki. Mbunifu wa michezo ya video angelipwa fedha nyingi kubuni mnyama wa namna hiyo. Hapa anatembea juu ya mti bila haraka.

Kumuuza akiwa hai si biashara ya kukimbilia. Vinyonga hawa wako chini ya mkataba wa CITES, na mwaka 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Picha yake haihitaji kibali cha wanyamapori. Ukimpa jina, tabia, kofia na hadithi, ukamchora kwa mkono wako, huyo ni kiumbe wako, na sheria ile ile inayomlinda Pikachu inakulinda wewe.

Usambara imewahi kupoteza nafasi ya namna hiyo. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul, ofisa wa utawala wa Kijerumani katika eneo hili, alipeleka kwao mbegu za ua dogo la zambarau. Mwaka 1893 Hermann Wendland akalitangaza kwa jina la Saintpaulia. Miaka ya 1920 wakuzaji maua wa Los Angeles, Armacost na Royston, waliagiza mbegu wakazalisha aina zao. Leo ua hilo linakaa madirishani Ulaya na Marekani katika maelfu ya aina. Hakuna aliyekuwa na hati ya ua la porini. Fedha zilikwenda kwa wale walioongeza kazi yao juu yake, wakaipa jina na kuifikisha sokoni. Kinyonga naye hana mwenyewe. Atakayemchora vizuri na kumsajili mapema ndiye atakayekuwa na kitu cha kuuza.

Wala viumbe wa katuni si jambo geni kwetu. Wasomaji wa gazeti la Sani wanawakumbuka Lodi Lofa na Ndumilakuwili wa Philip Ndunguru, ambao waliendelea kuchorwa na wengine baada ya yeye kufariki mwaka 1986. Mchoraji hufa na kiumbe hubaki. Ndiyo sababu karatasi za umiliki zinafaa kuandikwa mapema, mchoraji akiwa hai na mpenzi wa kiumbe bado mmoja.

Ushauri kwa mwenye mtaji

Kwanza, mchoraji aendelee kumchora Pikachu kama shule na kama kielelezo cha mkono wake, ila asimweke katika bidhaa ya kuuza.

Pili, mchapishaji akiletewa oda ya fulana au ukuta wa chekechea wenye kiumbe maarufu, amwonyeshe mteja kiumbe wa hapa badala yake. Watoto wa miaka minne hawadai leseni; wanadai macho makubwa na rangi.

Tatu, hakimiliki huzaliwa mara mchoro unapoundwa, lakini ushahidi hauzaliwi wenyewe. Michoro ya kwanza iwekwe tarehe na kuhifadhiwa, kisha isajiliwe COSOTA. Jina na sura zikianza kuuza, ziombewe alama BRELA. Alama hudumu miaka 7 ya kwanza, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara.

Nne, mwenye mtaji na mchoraji waandikiane kabla ya mzigo wa kwanza. Katika mfano wetu wa fulana, mchoraji akipata mrabaha wa Sh 1,000 kwa kila moja, mwenye mtaji anabaki na Sh 4,000, yaani Sh 200,000 kwa fulana 50. Ni pungufu ya Sh 50,000 kuliko faida ya Pikachu. Hiyo pungufu ndiyo bei ya kulala usingizi, na ndiyo bei ya haki ya kumzuia jirani asichape fulana hiyo hiyo kesho.

Tano, asiyeweza kuweka Sh 500,000 aanze na fulana 10 zenye kiumbe wake, azipeleke sokoni siku ya gulio, aone watoto wanamnyooshea kidole yupi. Taarifa hiyo haina gharama kubwa, na haipatikani katika ripoti yoyote ya soko.